Hela ya nyanya yote inaishia sheli, je niuze Hilux ninunue Kirikuu?

Kamwene mzee, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 34, nipo Iringa, nina mke na watoto wawili. Kazi yangu ni kukusanya nyanya kule Ilula naleta mjini, na msimu wa vitunguu nashuka mpaka Ruaha Mbuyuni. Zamani nilikuwa nakodi gari za watu kwa bei ya tenga, mwaka jana nikachukua mkopo kwenye kikundi nikaongezea na akiba yetu nikanunua Hilux Vigo singo kebini ya 2009, dizeli 2.5 D4D, fowili.

Mzee tatizo ni mafuta. Kwa mwezi dashibodi inasoma kama kilomita 3,000 na risiti nikizijumlisha nakuta karibu lita 430, yaani ni kilomita 7 tu kwa lita, wakati binamu yangu yupo Dar ana gari kama hii hii anasema yeye anapata mpaka 11. Mwezi uliopita nilivyomaliza kulipa mafuta, vijana wa kupakia, ushuru wa soko na rejesho la kikundi nikabaki na hela ndogo kuliko nilivyokuwa nabaki wakati nakodi. Mke wangu anasema tuuze tununue Kirikuu, kile kipikapu kidogo cha Kijapani, maana haili mafuta. Fundi wangu anasema hizi engine za umeme kama D4D yangu zinasumbua, tuitoe aniwekee ile engine ya zamani ya Toyota inayoitwa 3L. Jamaa mmoja hapa stendi ananiambia nichanganye dizeli na mafuta ya taa kidogo, eti yeye anafanya hivyo siku zote.

Mengine labda yatakusaidia. Nilifunga tairi kubwa 265/75 R16 maana zile ilizokuja nazo za 205 niliona zinazama kwenye njia za mashambani. Gari iliwahi kuchemsha mara moja, fundi akatoa themostati akasema hiyo ni ya nchi za baridi huku haihitajiki, tangu hapo haijachemsha tena na mshale wa joto unakaa chini kabisa. Nikitoka shamba na mzigo naweka H4, yaani fowili, na naiacha hivyo hivyo mpaka mjini kwa sababu naona gari inatulia. Mlima Kitonga tukishuka watupu, mdogo wangu ambaye tunasaidiana kuendesha anaweka frii tuokoe mafuta. Sheli naweka ya elfu hamsini hamsini kulingana na nilichonacho mfukoni. Alafu tochi ya trafiki nayo imetupiga mwaka huu zaidi ya mara moja, elfu thelathini thelathini, na mdogo wangu anaapa alikuwa kwenye hamsini.

Nishauri mzee wangu, nipo njia panda na rejesho linakuja kila wiki.

Msomaji, Iringa

JIBU

Kamwene mwanangu, marahaba. Umeeleza vizuri sana, kuliko wengi wanaoniandikia "gari inakula mafuta" halafu basi, kwa hiyo na mimi nitakujibu kwa kirefu kwa sababu hapa kuna hela ya familia na mkopo wa kikundi ambao una watu nyuma yake.

Kwanza kabisa usiuze gari kwa sasa hivi, usiguse engine, na mafuta ya taa usiyasogeze hata karibu na tenki. Kwa maelezo yako mimi sioni engine mbovu, naona gari ambayo imebadilishwa vitu na inaendeshwa kwa namna ambayo engine yoyote ile ingekula, hata hiyo 3L fundi anayokuahidi nayo ingekula hivyo hivyo, tena zaidi.

Tuanze na hiyo 7 yako, maana hiyo namba siyo ya kweli. Kilomita kwenye dashibodi zinahesabiwa kwa mizunguko ya tairi, gari inajua tairi iliyotoka nayo kiwandani. Tairi ya 205 R16 ina kipenyo cha kama sentimita 74, hiyo 265/75 R16 uliyofunga inafika sentimita 80, ni tofauti ya karibu asilimia 8, maana yake kila ukitembea kilomita 108 za kweli dashibodi inaandika 100. Hizo kilomita 3,000 zako ni kama 3,240 barabarani, ukigawanya kwa lita 430 unapata 7.5. Bado ni mbaya, sikatai, ila gari umeisingizia nusu kilomita kwenye kila lita. Hakikisha mwenyewe, chukua simu yenye ramani washa upime kilomita kadhaa za lami uone dashibodi inasemaje, au tumia yale mawe ya kilomita ya pembeni mwa barabara kuu.

Na hapo hapo ndo jibu la tochi. Spidi nayo inasomwa kwa mizunguko ile ile, mdogo wako akiona 50 kwenye vijiji vya pale njiani yeye anaweza akawa anatembea 53, 54. Spidi za kiwandani huwa zinasoma juu kidogo kuliko ukweli ili dereva asizidishe, lakini ukishafunga tairi kubwa ile akiba yote inaliwa. Simtetei kwa kila kosa maana simjui mguu wake, ila usimwite muongo. Mwambie kwenye vibao vya 50 asome 45 mpaka mtakapobadilisha tairi, elfu thelathini ni lita kumi na kitu za dizeli zinakwenda bila kukusogeza popote.

Tairi zenyewe sikwambii uzitupe kesho, zimekula hela tayari. Ila zinakuumiza kwa njia tatu, ni nzito kuzizungusha, ni pana zinasuguana zaidi na lami, na zinafanya gia zote ziwe ndefu, yaani kimlima ambacho ungepanda gia ya tatu sasa inabidi ya pili na engine ya 2.5 inajikaza kwelikweli. Zikiisha rudi kwenye saizi iliyoandikwa kwenye ile stika ya nguzo ya mlango wa dereva, tafuta zenye kashata (meno) za tope kama njia za Ilula zinakusumbua, tairi nyembamba yenye kashata nzuri inachimba tope la juu ikafika kwenye udongo mgumu, mara nyingi inatoka pale ambapo pana inaelea na kuteleza. Na upepo upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi, stika hiyo hiyo inakwambia kiasi cha ukiwa mtupu na kiasi cha ukiwa na mzigo, tairi za nyuma za pikapu haziwezi kuwa na upepo ule ule siku zote.

Sasa themostati. Hili linaniumiza kwa sababu nimeona engine nyingi zinakufa polepole kwa maneno hayo ya "ni ya nchi za baridi". Themostati kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka engine ipate joto lake la kazi, na baada ya hapo inafungua na kubana kuishikilia pale pale. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, engine inatembea baridi safari nzima, na wewe upo Iringa mwanangu, mwezi wa sita asubuhi kule watu wanatembea na makoti. Engine baridi oil yake inabaki nzito, vyuma vinasuguana zaidi, dizeli haiungui yote, na kompyuta ya D4D ikisoma kwamba engine bado baridi inaongeza mafuta kila wakati ikidhani ndo kwanza umewasha. Huo mshale unaokaa chini ndo unakulilia. Rudisha themostati, nunua mpya ya maana usiokote ya gari iliyochinjwa, na umwambie fundi atafute sababu iliyofanya gari ichemshe siku ile, inaweza kuwa rejeta imejaa uchafu, mfuniko wa rejeta umechoka au feni klachi haishiki. Kutoa themostati hakukutibu chochote, kumeficha tu ugonjwa na ukija kupanda Kitonga na ton moja ya vitunguu saa saba mchana utarudi ule ule. Na kwenye rejeta weka kulanti siyo maji ya bomba.

H4 ni kwa ajili ya tope, mchanga na njia inayoteleza. Hilux yako haina difu ya katikati, ukiingiza H4 ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa zizunguke sawa, lakini kwenye kona tairi za mbele zinatembea mduara mkubwa kuliko za nyuma. Kwenye vumbi tairi inateleza kidogo mambo yanaisha, kwenye lami haitelezi, kwa hiyo vyuma vinabanana, tairi zinalika, transfa inachoka na wewe unachoma mafuta kupigana na gari yako mwenyewe. Huko kutulia unakokusikia ni gari imebanwa. Ukifika lami rudisha H2, isukumwe na tairi za nyuma tu, kila siku bila kusahau, na hakikisha taa ya fowili imezima kabisa kwenye dashibodi.

Kuhusu frii naomba mdogo wako asome mwenyewe hapa. Engine hii ikiwa kwenye gia unashuka mlima na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta inafunga nozo kabisa, haitoki hata tone, tairi ndo zinaizungusha engine. Ukiweka frii inabidi engine ijilishe isizime, kwa hiyo inakunywa. Yaani anachofanya kuokoa mafuta ndicho kinachotumia mafuta, na juu yake anaibebesha breki kazi yote peke yake pale Kitonga ambapo kila mtu wa Iringa anajua magari mangapi yameishia korongoni. Breki ikipata moto sana inaacha kushika hata ukanyage mpaka chini. Ashuke na gia ile ile ambayo angepandia akiwa na mzigo, breki iwe ya kugusa tu.

Hayo manne, yaani tairi, themostati, H4 na frii, ukiyarekebisha, kwa gari ya ton moja na milima yenu, mimi nategemea uione 9 kwa lita kwa wastani, ukiwa mtupu zaidi ya hapo. Ile 11 ya binamu isikunyime usingizi, hujui anabeba nini na anapanda mlima gani, na kama mnalinganisha kwa shilingi ndo mnapotea kabisa kwa sababu EWURA wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na bei ya Iringa haijawahi kuwa sawa na ya Dar, mafuta yanasafirishwa kutoka bandarini. Linganisheni lita. Ukitoka 7.5 ukafika 9, kwa hizo kilomita 3,240 utatumia lita 360, umeokoa lita 70 kila mwezi, tuchukue lita ni 2,900 hapo ni laki mbili na ushee.

Ila utajuaje kama umefika 9 wakati unaweka ya elfu hamsini hamsini? Huwezi. Jipange mara moja ujaze mpaka bomba likate lenyewe, andika kilomita, tembea kazi zako za kawaida hata ukiongeza za elfu hamsini katikati usijali bora uandike lita, halafu siku nyingine ujaze tena mpaka likate, sheli ile ile na pampu ile ile ikiwezekana. Lita zote ulizoweka baada ya ule mjazo wa kwanza ndo umetumia. Risiti ya EFD inaandika lita, idai kila mara na usiitupe. Dizeli ya kwenye vidumu barabarani achana nayo hata ikiwa rahisi, ikiwa na maji kidogo tu nozo zinakwenda, na nozo nne za D4D ukitajiwa bei yake utakaa chini.

Ndiyo maana na mafuta ya taa nimekataa kwa nguvu. Pampu na nozo za gari yako zinafanya kazi kwa presha ya zaidi ya bar 1,000 na kinachozilainisha ni dizeli yenyewe, mafuta ya taa ni makavu, yanakwangua. Huyo jamaa wa stendi inawezekana ana gari ya zamani yenye pampu ya kawaida, inavumilia zaidi lakini nayo inakula maisha yake. Serikali yenyewe ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 kwa sababu ya huu mchezo wa kuchanganya, na leo hata hiyo faida ya bei ni kidogo mno.

Fundi na 3L yake. Ni engine ngumu kweli, sibishani, lakini ni 2.8 isiyo na turbo, nguvu yake ni ndogo kuliko ya 2KD, hiyo D4D uliyonayo, ukiipakia ton moja uipandishe Kitonga utaikanyaga mpaka mwisho na itakunywa. Ongeza bei ya engine, gia boksi kama haikubali, waya, kazi ya fundi, na kadi ya gari ambayo namba ya engine lazima irekebishwe TRA, maana ukipata ajali kampuni ya bima inaweza kukutazama vibaya. Hizo hela ni bora ufanyie yafuatayo. Filta ya hewa kwa vumbi la mashambani iangaliwe kila wiki, filta ya dizeli ibadilishwe kwa wakati, oil kila kilomita 5,000 (za kweli, kumbuka dashibodi yako inapunja) na iwe lita karibu 7 kamili. Na mwambie fundi akague washa (ringi za kuziba) za nozo, kwenye engine za KD zikianza kuvuja masizi yanaingia kwenye oil, yanaziba chujio la pampu ya oil kule chini na engine inakufa kwa kukosa oil wakati ukifungua mfuniko unaikuta imejaa. Timing belt pia, hukusema, na aliyekuuzia sijui kama alikwambia, kama huna ushahidi ilibadilishwa lini ibadilishe maana ikikatika valvu zinagongana na pistoni.

Sasa Kirikuu, na hapa mke wako hajakosea kufikiria, tatizo anahesabu lita bila mzigo. Kirikuu kwa sheria ya Kijapani iliyotengenezewa ni engine isiyozidi cc 660 na mzigo wa kilo 350. Chukua safari ya kwenda na kurudi kilomita 200, Hilux ton moja kwa 9 ni lita 22 hivi. Kirikuu kwa kilo zake halali inabidi iende mara tatu, kilomita 600, hata ikikupa 14 kwa lita ni lita 43, na siku tatu za dereva na nyanya zinaiva zikikusubiri. Ukiijaza mara mbili ya uwezo wake kama wanavyofanya wengi bado ni safari mbili, na mimi sitaki kumfikiria mdogo wako kwenye kona za Kitonga na Kirikuu yenye kilo 700 mgongoni. Kwa kazi za ndani ya mji, sokoni mpaka kwenye genge la mteja, Kirikuu ni gari nzuri sana. Kwa Ruaha Mbuyuni hapana.

Kinachokula hela yako kuliko vyote sijakitaja bado, ni kwenda mtupu. Kila kilo ya nyanya inalipia kilomita mbili, ya kwenda na ya kurudi. Ilula na Ruaha Mbuyuni kuna maduka, yanauza unga, sabuni, soda, chakula cha kuku, vyote vinatoka mjini na kuna mtu analipwa kuvipeleka. Ukipata mzigo wa kwenda hata wa nusu bei, ni mafuta ya kwenda yamelipwa. Dawa za shambani tu usizipakie kwenye bodi unalobebea nyanya za watu kula. Na LATRA leseni yako ya mizigo iwe hai kabla hujaanza kubeba vya wengine.

Mke wako mpe daftari la gari. Siyo la mafuta peke yake. Tairi nne ukinunua kwa milioni 1.6 zikatembea kilomita 40,000 ni shilingi 40 kila kilomita, zinatakiwa ziwekwe pembeni kila siku, vivyo hivyo oil, brekipedi, klachi, springi, bima. Rodi laisensi ya mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo hiyo unailipa sheli kila lita, usiihesabu mara mbili. Mwisho wa mwezi ajumlishe vyote agawanye kwa matenga yaliyofika sokoni mazima. Hiyo namba aiweke pembeni ya bei uliyokuwa unalipa kwa tenga wakati unakodi. Fanyeni miezi miwili baada ya matengenezo. Ikiwa chini, gari inawalipa na tatizo lenu lilikuwa hizi kasoro. Ikiwa bado juu na mzigo wa kwenda haujapatikana, hapo uza kwa moyo mmoja, rudi kukodi na mmalize mkopo wa kikundi kwanza.

Kabla hamjashuka tena Kitonga peleka gari ikaguliwe breki, mbele fungua tairi zote mbili. Kama mdogo wako amekuwa anashusha na frii muda wote huo pedi zitakuwa zimeliwa sana na diski zinaweza kuwa zimepinda au kupata ufa kwa moto, na breki fluidi nayo imwagwe iwekwe mpya. Hiyo ifanyike wiki hii hata kama mengine yote yatasubiri hela.